Safari ya Unguja Bila Hajarah

Mwembe Tayari, Mombasa
Jumapili asubuhi

Kwako Mama Nusura, rafiki yangu wa miaka thelathini,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Nusura na mzee wako Swaliki. Goti lake linaendeleaje? Ameacha kupanda trela kama daktari alivyomwambia, au bado anabishana? Natumaini mvua imefika huko na vitenge vinatoka. Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nalala kidogo. Utulivu tu ndio sina.

Barua hii nimempa Egau, yule dereva anayeegesha trela lake karibu na duka lako, naye ameapa kukukabidhi mkononi. Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwenye simu wewe huongea na mimi husikiliza, ndivyo tulivyozoeana, na neno nililo nalo leo likikatwa katikati sitaweza kulirudia. Naomba pia usimpe Nusura akusomee. Vaa miwani, kaa kule nyuma ya marobota, usome mwenyewe hata kama itakuchukua mchana mzima.

Uliniagiza nikuletee habari zote. "Kila kitu, Mwalimu, usiniachie hata kijiko." Basi nianze na aibu yangu. Asubuhi ile ya kuondoka nilivuka mpaka kama ninavyovuka kila siku kwenda kununua sukari. Nilimpungia mkono yule afisa anayenijua, akanipungia, nikapita na sanduku langu mpaka kwenye basi la Nairobi. Pasipoti ilikuwa ndani ya mkoba, mpya, haijawahi kufunguliwa na mtu. Sikukumbuka kabisa kwamba ina kazi.

Nilipofika Lunga Lunga, mpaka wa Kenya na Tanzania, kijana wa dirishani akageuza kurasa zote mbele na nyuma, halafu akaniuliza niliingia Kenya kwa mlango gani. Nikamwambia Busia. Akauliza, muhuri uko wapi? Hajarah, mimi niliyewafundisha watoto wa watu kusoma nilianza kuupekua mkoba kana kwamba muhuri umedondokea humo. Walinikalisha kwenye benchi kwa muda wa saa tatu huku basi likiondoka. Mwishoni waliniambia niandike maelezo. Nikaandika ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kwamba sisi watu wa mpakani mguu mmoja huwa kwa jirani tangu utotoni na hatujui kugonga mihuri. Mkubwa wao akausoma, akacheka hadi akavua kofia, akanionya vikali, akaniachia. Kwa hiyo la kwanza nakwambia: siku yako ikifika, gonga muhuri Busia hata kama afisa ni shemeji yako.

Pale kwenye benchi nilijiambia, Mungu ananirudisha nyumbani. Kwa nini nilifikiri hivyo, utajua.

Dar es Salaam nilipanga kukaa siku nne, nikakaa mbili. Mji ni mkubwa na joto lake linakufuata hadi kitandani. Usilale karibu na stendi, makelele hayaishi. Tafuta gesti mitaa ya Kariakoo nyuma, zile zinazoendeshwa na akina mama, wanapika supu asubuhi na wanakuuliza umeamkaje. Panda kivuko cha Kigamboni hata kama huna shughuli upande wa pili. Mimi nilikipanda mara tano kwa siku moja, naenda narudi, naenda narudi, mpaka mkata tiketi akaniuliza kama kuna mtu ninayemtafuta.

Boti ya kwenda Unguja, kula tangawizi kabla na kaa nyuma, chini, penye mtikisiko mdogo. Nilikaa mbele nione vizuri, na nilichokiona ni mfuko wa plastiki niliopewa nitapikie. Ukifika bandarini wataitaka kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa sababu unatoka Uganda, usiiweke chini ya sanduku. Mjini, usinunue viungo kule wanakopelekwa wazungu. Nenda soko la Darajani, uliza bei kwa watu watatu, wewe mwenyewe unajua kazi hiyo kuliko mimi. Kula urojo pale jioni, umejaa bajia na ndimu, utasahau samosa za Busia. Watu wana heshima sana. Mzee mmoja aliponisikia aliniambia Kiswahili changu ni kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari, hakuna kosa na hakuna chumvi. Nilicheka, kisha nikaona ni kweli, maana chumvi ya Kiswahili changu yote nimezoea kuisikia kutoka kwako.

Siku mbili za kwanza nilifurahi, lazima niseme. Nilitembea vichochoro vile bila mtu kuniita. Tangu mume wangu Oboth afariki, na hata kabla, sijawahi kuwa mahali ambapo hakuna anayesubiri nimfanyie kitu. Nilikaa barazani nikala chungwa zima peke yangu, polepole. Lakini siku ya tatu kitu kilinianza kifuani. Nikahama gesti, nikadhani ni kitanda. Nikahama tena, nikadhani ni feni. Kwa siku nne nililala nyumba tatu, na kila mahali niliiangalia simu kama mtu anayengojea majibu ya hospitali.

Ndipo nikaenda Jambiani kwa Mama mdogo Munirah.

Ulinieleza miaka yote kuhusu dada huyu wa marehemu mama yako, aliyebaki kisiwani wakati mama yako alipochukuliwa na baba yako dereva kupelekwa Busia. Nilimjua kwa sauti ya simu tu, kama wewe unavyomjua mpaka leo. Ni mdogo kwa umbo, mweupe wa nywele, anacheka na bega lake la kushoto. Nilishtuka, Hajarah, maana ndivyo unavyocheka wewe. Nyumba yake iko karibu na ufuo wanakolima mwani. Maji yakitoka, akina mama wanaingia na kamba na vijiti, wanainama wakifunga miche, shamba kabisa, mistari imenyooka kama ya mihogo yetu Iyolwa. Naye alilima hivyo mpaka macho yalipomkataa. Sasa anaona mwanga na kivuli tu, na mwanawe anasema hata mwanga unapungua.

Alikuwa ametandika vitanda viwili. Aliambiwa na mwanawe kwamba nakuja peke yangu, akasema vitandikwe viwili vivyo hivyo. Nilimpa zile kanga ulizonifungia na kahawa ya Mbale, akazinusa kanga hizo muda mrefu, akasema zinanuka duka. Akanitania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu atanipa jembe niingie baharini. Kisha akaniuliza kwa nini mwanawe Hajarah hakuja. Nikamjibu kwamba pasipoti yako imechelewa ofisini. Akasema ofisi ina muda wa kukaa, yeye hana, kisha akaniuliza kama nimeshiba.

Jioni ile ndipo alipokupigia, unakumbuka. Sauti iliwekwa kubwa, sote tukakusikia. Ulilia kidogo ukajifanya una mafua. Ukamwambia Mama mdogo asihuzunike kwa sababu Mwalimu Akello ni macho yako, na alichokiona yeye umekiona wewe. Mama mdogo akanitafuta kwa mkono kwenye mkeka, akaushika mkono wangu, akaubusu. Nilitoka nje. Mliniita niongee nawe nikasema mtandao unasumbua. Mtandao haukusumbua.

Kesho yake alfajiri niliaga, siku ya pili, wakati walitaka nikae wiki. Nilisema nina haraka. Nimefika Mombasa na nimekaa hapa siku nane sasa, nikikudanganya kila ukipiga kwamba naangalia Fort Jesus na ufuo wa Bamburi. Nimeiona ngome ile kwa nje tu. Kila asubuhi nakwenda kwenye ofisi ya mabasi, nauliza gari la Busia linaondoka saa ngapi, naambiwa, narudi chumbani. Yule binti wa tiketi siku hizi ananijibu kabla sijauliza.

Hajarah, pasipoti yako haijachelewa.

Unajua fomu zako zote zina namba yangu ya simu. Ndivyo tulivyofanya tangu zamani, kwa sababu wewe una laini mbili, ya huku na ya huko, na kila mara moja imezimwa, na kwa sababu kujaza fomu ni kazi yangu na kuongea ni kazi yako. Fomu ya pasipoti niliijaza mimi, na namba niliyoandika ni yangu. Wiki tatu kabla sijasafiri, ujumbe uliingia kwenye simu yangu ukisema pasipoti ya Hajarah iko tayari, aje aichukue. Nilikuwa nachambua maharage. Nikausoma mara mbili, nikaiweka simu chini ya kapu.

Siku ile ile asubuhi ulikuwa umenipangia safari yetu dukani mbele ya wateja: kwamba tutabeba marobota mawili ya vitenge tuuze njiani, kwamba Nusura naye atakuja, kwamba mimi nitasoma vibao na kushika tiketi. Hukuwa na ubaya wowote, umekuwa hivyo siku zote, na mimi nimekula vizuri kwa kuwa karibu na wewe. Watoto wangu wamesoma kwa kuwa karibu na wewe. Lakini nilichoka ghafla. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niende mahali bila kuwa mkono wa mtu. Badala ya kukwambia hivyo usoni, nilinyamaza. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mara tano uliniuliza kama ofisi imejibu, na mara tano nikakujibu bado. Mara ya mwisho uliniombea dua ya safari njema, ukanifungia zile kanga.

Nilidhani ninakucheleweshea matembezi, utakwenda mwaka mwingine. Sikufikiri juu ya macho ya mama yule. Hilo ndilo linalonitoa kitandani, wala si uongo peke yake. Nilikwenda nikakaa juu ya kitanda kilichotandikwa kwa ajili yako.

Sasa nisikilize, maana ushauri huu ndio wa maana kuliko wa urojo. Kesho funga duka. Nenda na kitambulisho chako ofisini tulikopeleka fomu, Jonan mwanangu atakusindikiza, nimempa taarifa za ombi lako lakini sababu sijamwambia. Usibebe vitenge. Usimsubiri Nusura amalize mitihani. Muhuri Busia, muhuri Lunga Lunga, tangawizi kwenye boti, na ukifika Darajani uliza gari la Jambiani, shuka msikiti wa pili. Ukiingia usimpe mkono tu, inama, mpe uso wako aushike, ndivyo anavyomwona mtu. Mweleze ukweli wangu au usimweleze, utakavyoona.

Mimi naondoka hapa Jumanne, safari hii nimelipa tiketi kabisa. Lakini sitavuka. Nitashukia upande wa Kenya, kwa Ekwaro, mwalimu mwenzangu wa zamani, nyuma ya soko. Nitakaa kwake siku tatu. Ukinitumia neno, hata la matusi, nitavuka na kuja mbele yako, uongee mpaka uchoke, na sitakukata. Ukinyamaza nitaelewa. Nitachukua gari la Malaba, mpaka ule mwingine, niingie Uganda kwa mlango huo, nishike njia ya Tororo hadi Iyolwa, na mji wako sitaukanyaga mpaka uniite.

Nisalimie Swaliki na umwambie asipande lile trela. Msalimie Nusura, Mungu ampe wepesi kwenye mitihani. Mama mdogo anawasalimu wote kwa majina, hata mjukuu wako aliyezaliwa juzi, jina lake analijua. Alinituma nikwambie kwamba kitanda cha pili hajakitandua.

Ni mimi niliyekukosea,
Akello, Mama Jonan