Tunacheza Jumamosi

Tandika, Temeke
Jumanne asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika nikiwa nimeketi vizuri, maana najua ukiifikia utaitikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako. Macho yanaendeleaje? Yale matone aliyokupa daktari unayatia, au bado yako juu ya kabati yanasubiri wageni? Na mikorosho imeshapuliziwa salfa, ama mwaka huu tena mnagombania bomba na jirani? Mie huku sina homa wala kikohozi. Goti linaniuma siku za mvua tu, na mvua kwa sasa imetuacha.

Barua hii nimempa dereva wa basi la Newala amkabidhi Somoe stendi. Nimemwambia mdogo wangu asiifungue. Nataka uisome mwenyewe, na miwani yako, shambani au popote pasipo na watu. Utashangaa mtu ana simu halafu anaandika barua. Simu nimejaribu, Baba, mara tatu. Kila nikijikohoza nianze, unaniwahi: "Kocha hajambo?" Basi na mie nasema hajambo, tunaingia kwenye habari za korosho.

Nianze na mechi kwanza, najua ndiyo unayoitaka.

Jumamosi saa kumi jioni tunahi... Nimekata hapo, usiukasirikie wino. Vijana wanahitaji ushindi. Ni mechi ya mwisho ya kufuzu, na Msumbiji sare inawatosha. Wakitoka sare wao wanapanda ndege kwenda kwenye michuano, vijana wa hapa wanabaki kuiangalia kwa majirani. Mjomba Dadi najua atawashangilia wageni, si ndiko ng'ambo ya Ruvuma alikozaliwa, na utani wake utaanza tangu asubuhi. Mwambie ajiandae. Wana mshambuliaji mmoja mrefu, ukimwona utadhani anachungulia ukuta wa jirani. Mipira ya kona yote ni yake. Lakini mbio hana, na beki wao wa kushoto anapenda kupanda mbele akasahau njia ya kurudi. Winga wa kulia wa hapa ni mwepesi, nimemwona mazoezini. Anadanganya hatua mbili, anakata ndani. Wakimlisha mipira mapema, kabla wageni hawajauzoea uwanja, bao linapatikana.

Na uwanja wenyewe nikueleze ulivyo, maana wewe ni mtu wa redio. Si unasemaga televisheni inamtafunia mtu, redio inamwacha atafune mwenyewe. Haya, tafuna. Nyasi ni fupi, zimelazwa mkanda mmoja huku na mkanda mwingine kule, kwa hiyo ukiwa juu jukwaani unaona kijani kibichi na kijani kilichokolea vinapishana mpaka mwisho. Mbele ya goli la kaskazini pana ulaini, mpira ukitua hapo unachoka. Upande wa jukwaa kuu kivuli kinaingia mapema, nyasi zake zina ubaridi, mpira unateleza. Kocha mwenyewe juzi alisimama kwenye kona, akagusa chini kwa ncha ya kiatu, akaniita.

"Fundi, hapa tukimwaga maji mpira utakwendaje?"

"Utakimbia, bosi," nikamwambia. "Ila kule kaskazini usimwage kabisa, utazama."

Akaandika kwenye kidaftari chake. Fundi, Baba. Ndivyo anavyoniita. Jina langu halijui.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na nimezunguka sana. Mie sichezi timu ya taifa. Sijawahi kuichezea hata siku moja, wala kukaa kwenye benchi lake. Mie nakata nyasi za uwanja. Mkubwa wangu ni Mzee Kibwana, mtu wa Kisarawe, na kazi yetu ni kukata, kumwagilia, kufunga nyavu na kupaka mistari. Jumamosi filimbi ikipigwa mie nitakuwa nimekaa nyuma ya goli la kusini na reki yangu.

Tangu uliponisindikiza stendi na viatu vyangu vya mpira begani, goti hili lilidumu miezi minane tu. Nilikuwa kwenye majaribio ya timu moja ndogo ya huku Temeke, uwanja wa mchanga, beki akaniingia, nikalisikia linalia kama ukuni mkavu. Nilipopona hakuna aliyekumbuka kwamba nilikuwepo. Nikabeba zege. Nikaosha magari. Mwisho Mama Chiku, mwenye nyumba wangu, akaniunganisha na Mzee Kibwana ambaye ni shemeji yake. Siku niliyoanza kazi nikakupigia. Nakumbuka maneno yenyewe: "Baba, nimepata. Niko Uwanja wa Taifa." Na kweli nilikuwepo, nimeshika ndoo. Sijamaliza, ukaiondoa simu sikioni, nikakusikia unapaza sauti nje kwamba Bakari kachukuliwa timu ya taifa. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikajisemea nitamwambia kesho.

Ile kesho imechukua miaka sita, na kilichoiua ni kineno kidogo. Ukinipigia unauliza, "Mmecheza?" Nami najibu, "Tumecheza, Baba, tumeshinda." Siku nyingine, "Tumefungwa, tumeonewa kweupe." Ukiangalia, si uongo, nchi nzima inasema hivyo. Muuza kahawa wetu hapa Tandika ana kitambi hata mvua hawezi kuikimbia, naye anakwambia jana tumefungwa. Lakini yeye hana baba anayewasha redio kusubiri jina lake. Mie nilijua kabisa kwamba nikisema "tu", wewe unawahesabu watu kumi na mmoja na mie nimo. Nikakuachia uhesabu. Ilikuwa tamu, Baba. Nakiri. Kuna siku nilijisikia kama nimo kweli.

Mwezi uliopita ukaniuliza mbona mtangazaji hanitaji. Ukasema, "Huyo kocha umemkosea nini? Nipe jina lake nimwandikie kwa heshima, mzazi kwa mzazi." Nilicheka kwenye simu. Nilipokata nikalia, mpaka Mama Chiku akaja mlangoni akidhani nimefiwa. "Nani, mwanangu?" ananiuliza, keshajifunga kanga kiunoni. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akakaa nje ya mlango hivyo hivyo, asije akawa amekuja bure.

Halafu Mjomba Dadi akanipigia. Akasema wanaoangalia mpira kwenye banda la video wameshajua siku nyingi kwamba simo, wanakustahi tu. Ila vijana wameanza kucheka pembeni. Akaniambia na Jumamosi umewaalika mtaa mzima barazani, umeazima na spika, mnisikilize kwa pamoja. "Bakari," akasema, "mwambie wewe, asije akaambiwa na watoto." Ndiyo maana barua hii inakimbizana na Jumamosi. Nisamehe, Baba. Siku ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Siku zote zilizofuata nilikuwa najua ninachofanya.

Sasa nikueleze na mazuri ya huku, usidhani mwanao anaishi kwa majuto matupu. Saa kumi na mbili asubuhi mie ndiye wa kwanza kuingia. Nafungua maji, vinyunyizio vinaanza kuzunguka, unasimama ukungu mweupe katikati ya uwanja na jua linapenya humo humo. Viti vyote vitupu. Yangeyange wanatembea ndani ya eneo la penalti, wanadonoa, hawana haraka. Kelele za barabarani zinafika kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu.

Hapo ndipo ninapokuona. Unatokea upande wa kusini na lile kopo lako la maziwa ulilolitoboa matundu chini, limejaa majivu ya jiko la Mama, unalitikisa huku unarudi kinyumenyume. Mie niko ng'ambo, mdogo, nimeshika ncha ya kamba ya manila, upepo unanivuta. "Kaza kamba, Bakari," unasema. "Mstari ukipinda, hata goli la halali litabishaniwa." Viti vinaanza kujaa, sijui watu wanapitia mlango gani, wote ni wa kwetu Kitangari. Mama yupo, mzima, amekaa katikati ya wenzake anawagawia korosho. Mpira unakuja miguuni pangu bila kupigwa na mtu. Goti haliumi. Na mtangazaji anataja jina langu, ila sauti ni yako.

Siku moja niliganda hivyo mpaka maji yakafurika kona nzima. Mzee Kibwana akanipigia kelele kutoka getini, "We Mmakonde, unamwagilia nyasi au unamwagilia ndoto?" Nikakimbia kufunga bomba.

Lakini huyo huyo alinipa neno nililokaa nalo siku nzima. Huku tunapaka mistari kwa kimashine cha magurudumu chenye rangi nyeupe, ila kamba ni ile ile. Wenzangu huanzia mstari wa kati. Mie huanzia kona ya upande wa kibla, nasema bismillahi, ndipo nasukuma. Akaniuliza nani kanifundisha hivyo. Nikamwambia ni baba yangu, kila Ijumaa baada ya swala alikuwa anauchora uwanja wa kijijini kwetu kwa majivu, na hakuna aliyemtuma. Akaitazama mistari yangu, mzee wa watu, akaifuata kwa jicho mpaka kule mwisho.

"Kumbe kazi umerithi," akasema.

Miaka yote nilikuwa naona aibu kukuambia nafanya kazi gani. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba ni kazi yako.

La wageni wa barazani siwezi kukuamulia. Ukitaka, waambie. Ukitaka, sema redio imeharibika, Mjomba Dadi atakusaidia kuongopa, kipaji anacho. Mie Ijumaa jioni nitakupigia. Usinigombeze kwenye simu, wala usinifariji, sitaweza vyote viwili. Niulize tu saa ya mechi, kama siku zote. Ukisema, "Wanacheza saa ngapi?" nitakujibu saa kumi, nitakuwa nimeelewa, na sitalalamika. Ukisema, "Tunacheza saa ngapi?" nitakujibu saa kumi vile vile, ila usikate simu ukiona nimechelewa kidogo kujibu.

Nisalimie Somoe, mdogo wangu, na mumewe, shemeji Athumani, mwambie lile shati alilonipa bado nalivaa sikukuu. Bibi Mwanahawa, aliyenilea Mama alipoondoka, mpe shikamoo yangu mara mbili, moja ya leo na moja ya siku nilizokosa. Mjomba Dadi mwambie nimemsikia, na kwamba mrefu wao hatafunga. Mama umsomee fatiha kwa niaba yangu. Mama Chiku naye anakusalimu, anasema hajakuona lakini anakujua.

Jambo moja tu limebaki. Jumamosi uifungue redio mapema, kabla ya nyimbo za taifa. Yule mtangazaji unayempenda, mwenye sauti ya kukwaruza, ana kawaida yake. Kabla ya kusoma vikosi huanza kuueleza uwanja. Atasema watu wameshajaa. Atasema upepo unatokea wapi. Halafu atasema, "Na nyasi leo zinapendeza." Husema kila mechi, na hakuna anayemsikiliza, kila mtu anangoja majina. Wewe waambie watu wanyamaze kidogo. Akisema hivyo, Baba, nimetajwa.

Mwanao,
Bakari, mkata nyasi