Ubeti Waliotaka Kuukata

Mama,

Ni miezi saba tangu tukuzike kule nyumbani karibu na Katito, na hii ndiyo mara ya kwanza nashika kalamu kukuandikia. Nilikuwa na hasira. Ilibidi ipungue kwanza.

Nianze na lile ambalo sikuwahi kukuomba msamaha kwalo. Ulipokwenda kuuguza majeruhi wa vita vya nchi ya mbali, nikiwa kidato cha pili, nilikwambia kwenye simu kwamba umechagua watoto wa wenyewe ukaniacha mimi. Baada ya miezi minane ulirudi na macho mekundu na kikohozi. Kikohozi hicho tuliishi nacho miaka tisa.

Kliniki waliandika pumu. Majirani walisema TB. Shangazi alisema ni chira, kwamba kuna mwiko uliouvunja huko safarini. Na mimi, Mama, msichana mkubwa mwenye akili zangu, nilianza kuosha kikombe chako kando. Uliniona.

Ukweli niliujua siku ile tulipokuwa nyuma ya nyumba tukichambua mboga za osuga, ukafuta mikono ukatoa daftari la mashairi yako. Ulinieleza pole pole, ukipumzika kila baada ya maneno machache. Gari lilileta watoto kutoka kijiji kilichopigwa mabomu. Walionekana wazima, macho tu yanawasha. Glavu zilikuwa zimeisha. Ukamvua msichana mmoja gauni kwa mikono mitupu, ukalikunja vizuri, ukaliweka kando ya kiti ulichokalia zamu nzima. Hakuna aliyekuwa amewaambia ninyi wauguzi kwamba mabomu yale yalikuwa na gesi ya sumu, na kwamba gesi ile hukaa kwenye nguo. Lilinuka kitunguu saumu, ulisema. Jioni malengelenge yakatoka, kwake na kwako. Yeye alikufa siku ya tatu.

Kisha ukanisomea:

Haikuja kwa kishindo, ilikuja na upepo,
Haikubisha kwa nyundo, iliingia tulipo,
Imekaa kwenye pindo, la gauni, bado ipo,
Vita vimekwisha huko, kifuani mwangu vipo.

Nilikuuliza kwa nini usiwaandikie wakubwa waliokutuma. "Nimewaandikia mara tatu," ukasema. "Walinijibu pole. Shairi angalau mtu atalikariri."

Unakumbuka Jumapili uliyoombwa usome kanisani? Mchungaji alikuomba uache ubeti wa gauni, kwa ajili ya watoto. Ukauacha. Watu wakapiga makofi. Njiani kurudi uliketi juu ya jiwe, huna pumzi, ukaniambia, "Nyathina, mwanangu, leo nimemzika yule mtoto mara ya pili." Sikukuelewa, Mama. Nilifikiri ni uchovu.

Sasa nikupe habari za huku. Ulipoondoka nilichukua madaftari yako yote nikayapeleka kwenye duka langu la uchapaji mtaani Manyatta, nikaanza kuyachapa. Siku nyingine nilichapa mistari miwili tu nikafunga duka. Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka upande wa Sondu, ambaye hunijia kutoa kopi za mitihani, aliona karatasi ikitoka kwenye mashine. Akaisoma amesimama. Akaniomba wasichana wake wakariri shairi hilo kwenye tamasha la shule.

Wakajifunza wiki sita. Siku moja kabla ya tamasha, mwalimu akanipigia simu. "Dada, afisa wa tamasha anataka ubeti wa gauni utolewe. Anasema unatisha. Nikikataa watatuondoa."

Nilikuona pale juu ya jiwe. Nikamwambia, "Usiutoe. Nakuja."

Asubuhi nilimkuta yule afisa nje ya ukumbi. Nikamwonyesha daftari lako, mwandiko wako wenyewe, na kadi zako za kliniki. Nikasema, "Mzee, hii si hadithi ya kutunga. Huyu ni mama yangu. Hicho unachotaka kukikata ndicho kilichomuua." Alisoma shairi lote. Akanirudishia daftari kwa mikono miwili. "Waache wasome," akasema.

Wasichana walisoma beti zote, Mama. Walipofika kwenye gauni, feni ya dari ilisikika ukumbi mzima. Hawakushinda, walikuwa wa nne. Lakini tulipotoka, mama mmoja, mzazi wa msichana aliyesimama mbele, alinishika mkono akakataa kuuachia. Mume wake aliwahi kuajiriwa vitani huko nje, akiwaendeshea wanajeshi malori. Alirudi akikohoa, macho yanamfifia. Dawa za TB amemaliza mara mbili, na makohozi yakipimwa hayana kitu. "Kila siku anataja harufu ya kitunguu saumu," aliniambia. "Sisi tukasema amechanganyikiwa."

Nikaenda nao hospitalini Kisumu. Daktari, kijana mpole, akaanza kuandika pumu. Nikamwomba asimamishe kalamu.

"Wewe ni nani wake?" akauliza.

"Mimi ni mtoto wa nesi aliyekufa kwa kitu hicho hicho," nikasema.

Akaiweka kalamu chini. Akamwuliza mgonjwa maswali kwa saa nzima: alikuwa wapi, alibeba nini, ngozi ilifanya nini. Mwisho akaandika kwenye faili kwamba inashukiwa ni gesi ya vita, akampeleka kwa mtaalamu wa kifua. Alituambia wazi kwamba mapafu yale hayarudi kama zamani, yatatunzwa tu. Mke wake alilia pale pale kwenye benchi. "Kumbe hukuwa unadanganya," alimwambia mumewe. Mumewe alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Hakuna aliyewahi kukwambia wewe hivyo. Mimi nakwambia leo. Hukuwa unadanganya, Mama, na hukuniacha. Nisamehe kwa kikombe, nisamehe kwa simu ile.

Jumatatu nakwenda Katito, kwenye shule uliyosoma. Wameniomba nisome mwenyewe mbele ya wanafunzi. Baada ya hapo kuna shule nyingine, na nyingine. Atakayetaka tukate ubeti, atanikuta nimesimama. Nakuahidi kwamba nikiwa hai, msichana yule wa gauni hatazikwa tena.

Kwaheri, Mama. Pumzika.

Binti yako,
Akinyi