Digrii Sita kwa Kalamu Nyekundu

Jumapili, 15 Juni 2025

Nimetoka kanisani nikapitia kazini. Moyo haukutulia. Stima ilipotea jana saa nane mchana, na leo asubuhi mlinzi alinipigia kusema jenereta haikuwaka. Nimefika saa saba. Friza namba mbili, ile ya mbegu, inasoma digrii sita. Sita juu ya sifuri! Inatakiwa iwe themanini chini. Raba ya mlango ilishachoka, na barua nimeandika mara mbili.

Mbegu ni chupa ndogo arobaini za chembe hai zilizogandishwa. Hizo ndizo tunazotumia kutengeneza kipimo chetu cha brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi. Tone la damu, dakika kumi. Mistari miwili, unao. Mmoja, huna. Ni miaka saba ya kazi ya Daktari Kiplangat, mkuu wetu. Nimeinua chupa moja. Inacheza ndani kama maji.

Nimeandika kwenye rejista ya joto: saa saba na dakika tano, sita juu, hakuna stima. Kalamu nyekundu, kama sheria yangu ilivyo kwa siku mbaya. Nikaweka sahihi. Gedion wa maabara amekuja na slipa, akachungulia. "Nali, hii sasa si friza. Ni kabati ya sukuma wiki." Tumecheka. Halafu tukaacha kucheka.

Jumatatu, 16 Juni

Stima ilirudi jana jioni. Chupa zimeganda tena. Ukiziangalia huwezi kujua lolote – na hilo ndilo linanitisha. Daktari ameusoma mstari mwekundu. Amesema atapima chupa tatu kuona kama mbegu bado ina nguvu. Hakusema lini.

Alhamisi, 17 Julai

Kampuni tuliyokuwa tukiiomba imekubali! Watachukua mbegu na ujuzi wote, watengeneze vipimo kwa maelfu. Bwana Muturi wa kampuni ana sharti moja kabla ya kutia sahihi: rejista ya joto ya miaka miwili, bila hata siku moja mbaya. Ametaja hilo akiwa amesimama, kikombe mkononi, kama mtu anayeomba sukari.

Alipoondoka, Daktari alituita. Mkataba usipopita, watu kumi na wanne wanaenda nyumbani Desemba. Mimi ni mmoja wao. Gedion pia.

Nimemuuliza kuhusu zile chupa tatu. "Ziko sawa, Naliaka." Naliaka. Siku zote huniita Nali.

Jumanne, 22 Julai

Wageni wakija, mimi hunakili rejista upya. Ni desturi ya hapa tangu niajiriwe. Ile ya kila siku ina madoa ya chai, kalamu za rangi tatu, na mwandiko wa Gedion kama kuku amepita. Mimi nilikuwa katibu wa darasa sekondari, mwandiko wangu unasomeka. Hakuna aliyewahi kuona kosa katika hilo. Ni usafi tu, kama kufagia uwanja kabla ya harusi.

Leo nimenakili tangu asubuhi. Nikafika Juni. Nikachukua nyekundu. Daktari alikuwa nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

"Tumia bluu. Ya wageni inakuwa rangi moja."

Nikachukua bluu.

"Na hiyo siku, iandike kama zingine."

Nimemwambia ilikuwa sita juu. Amejibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa: ni nakala tu, Nali, ile ya kweli inabaki kabatini.

Nimeandika themanini chini. Mwandiko umetoka safi kama wa siku zingine. Mbona umetoka safi?

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya kukabidhi. Bwana Muturi amefungua nakala yangu, akapiga mluzi. "Huyu ni mtu ama ni mashine? Madam, ungekuwa kwetu!" Kisha akatoa kalamu yake. Akataka mwandishi atie sahihi kila ukurasa. Nimemwangalia Daktari. Daktari ameangalia dirisha. Kurasa ishirini na nne. Nimetia zote.

Mbegu zimeondoka kwa gari la baridi, na nakala yangu juu yake. Nimeenda kabatini kutazama ile ya kweli. Haipo. Vumbi limeacha umbo lake, safi, mraba.

Nimemuuliza Gedion. "Mimi sijaona kitabu, dada. Na wewe hujaona." Nikangoja acheke. Hakucheka.

Sasa digrii sita imebaki mahali pamoja tu. Hapa ninapoandika, nyuma kurasa chache.

Jumatatu, 6 Oktoba

Vipimo vya kwanza vya kampuni vimefika zahanati za majaribio. Zahanati ya Bahati ni mojawapo.

Wifi yangu Chemutai, mke wa kaka yangu Dalmas, anafuga mbuzi hukohuko Bahati. Ana mimba ya miezi sita. Wiki mbili sasa ana homa inayokuja na kwenda, magoti yanamuuma, jasho linalowesha shuka. Leo wamempima. Mstari mmoja! Amenipigia akifurahi. "Wifi, si ni hii yenu? Nilikuwa naenda hospitali kubwa, nimerudia njiani. Kama ni ya mkono wako, mimi naamini."

Nimemwambia achemshe maziwa hata hivyo. Amecheka. "Maziwa yana makosa gani tena? Karatasi imesema."

Nikamwambia amsalimie Dalmas, nikakata simu. Salio lake halikuwa limeisha. Nilikata tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Hakuna kazi, nimeenda Bahati. Chemutai amelala kitandani saa sita mchana, yeye ambaye hajui kulala. Amekonda uso. Kipimo amekiweka ndani ya Biblia – huo mstari mmoja – akanionyesha kama cheti. Dalmas ananiuliza ni nini basi, kama si brusela. Nimesema malaria labda. Malaria!

Jumatano, 22 Oktoba

Zahanati mbili zimelalamika. Watu wanne walipata mstari mmoja, hospitali ikawapata na brusela. Kampuni inataka kujua mbegu ilitunzwaje. Daktari amekuja mezani kwangu, akakaa kwenye ukingo, jambo ambalo hafanyi. Kaniuliza habari za nyumbani. Kisha: "Kuna watu huandika mambo ya kazi kwa vitabu vyao. Wewe huwa unaandika, Nali?"

Nimesema hapana.

"Vizuri," amesema. Ijumaa saa nne nifike chumba cha mkutano. Nibebe kitambulisho tu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Chemutai amelazwa Nakuru. Mtoto hachezi vizuri. Gedion amenipita kwenye ngazi bila salamu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Saa nne kasorobo. Niko kwenye benchi la korido. Kitambulisho kiko mkononi, na kitabu hiki kiko magotini. Sijui kwa nini nimekuja nacho. Najua.

Ndani wako Daktari, Muturi na mwanamke wa kampuni nisiyemjua. Gedion ametoka kuchukua maji, akaongea bila kusimama: karatasi yangu ya kutia sahihi imeshachapishwa. Inasema rejista iliandikwa na mimi peke yangu, na kila namba ni yangu. Basi. Si uongo hata. Mwandiko ni wangu, sahihi ishirini na nne ni zangu. Mtu akitafuta nani alidanganya, atanikuta mimi kwa rangi ya bluu.

Dalmas amepiga sasa hivi. Daktari wa wadi amekiona kile kipimo ndani ya Biblia. Dawa za brusela si za kumpa mjamzito ovyo, na majibu ya damu ya hospitali ni Jumatatu. Anauliza, angoje ama aanze leo? "Nali, hii test yenu inaaminika? Sema tu ndiyo ama hapana."

Nimesema hapana. Nimesema asiangalie huo mstari, mbegu iliharibika Juni, mimi mwenyewe niliona, ilikuwa digrii sita, aanze leo, leo! Nimesema kwa sauti. Korido hii inavuma.

Ndani walikuwa wanaongea. Sasa hawaongei.

Kiti kimevutwa. Mlango umefunguka kidogo – ni Daktari. Haangalii uso wangu. Anaangalia mkono.

"Unaandika nini hapo, Naliaka?"