Mapigo Manne Niliyoyafuta

Mjomba, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili nilizichana, maana niliandika habari za mitihani, na sizo nilizotaka kukuambia.

Unakumbuka likizo ile Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni hadi pa kukanyaga hapakuonekana? Ulikuwa ukitafuta mahali pa kuwachimbia vyoo. Ulisimamisha nondo, ukaigonga kwa nyundo, nami nikaandika daftarini kwa penseli ni mapigo mangapi yanaizamisha shibiri moja. Kumi na manane. Ishirini. Ishirini na moja. Shibiri ya tisa ukasema kumi na mawili, ya kumi ukasema manne.

"Kuna tope huko chini," ulisema. "Nondo hulisikia kabla haijalifikia."

Sikukuamini. Shimo la jirani lilikuwa mchanga mgumu hadi mwisho wake, shibiri ya tisa, nikadhani umechoka, umehesabu vibaya. Nilivuka hadi shuleni kwetu Gungu, na nilipoziingiza namba kwenye kompyuta, mstari wa grafu uliporomoka mwishoni. Nikazifuta zile mbili kwa ufutio, nikaweka wastani wa zile za juu. Mstari ukanyooka. Nilijivunia, Mjomba. Nilipanda boti ya kurudi Jumamosi nikiwa nimeikumbatia karatasi niliyouchapia mstari huo.

Msimamizi wa uchimbaji, mtu wa hapo hapo Kagunga, aliisoma, akasema, "Kompyuta imesema pagumu. Chimbeni."

Ulinitazama. Ulingoja niseme kitu. Nikatazama ziwa.

Siku ya tatu ukuta wa shimo ukaanguka. Wachimbaji walikuwa wametoka kwenda kula, Mungu alisaidia. Lakini akina mama wakimbizi waliendelea kujisitiri vichakani, na watoto wao mgongoni. Msimamizi akauliza nani alihesabu.

"Mimi," ulisema. "Nilikosea."

Hukuitwa tena kazini. Kila ulipopita, yule mvuvi Baba Nesta alikupigia kelele kutoka kwenye nyavu zake: "Muzehe! Nondo yako leo imeamka, au bado imesinzia?" Ulicheka naye. Mimi nilikuwa pale. Sikusema. Kisha malaria ikakuchukua mvua za mwanzo, na mimi niko shule.

Wakimbizi walihamishiwa kambini. Nondo yako mama anafungia kamba ya nguo.

Mwezi uliopita mwalimu wa fizikia alitufundisha kutengeneza ardhi ndani ya kompyuta, tabaka juu ya tabaka, kila moja na ugumu wake, halafu tunashusha nondo ya kuigiza. Niliweka mchanga wako, chini yake tope. Mstari ulianza kushuka nondo ikiwa bado mchangani. Mwalimu akaeleza kwamba mchanga ulio juu ya tope hauna kitu kigumu cha kuegemea, kwa hiyo hulegea mapema. Nilifungua daftari. Chini ya wastani wangu alama za penseli bado zinaonekana. Kumi na mawili. Manne. Ni palepale mstari ulipoanza kushuka.

Nililia. Wenzangu nikawaambia ni vumbi.

Kwa nini ulisema ni wewe? Najua kwa nini. Ndiyo maana inauma.

Likizo ikifika nitakwenda Kagunga na daftari. Unajua sauti yangu, hata wa dawati la nyuma hawaisikii. Nitamwambia msimamizi, kisha nitakwenda kwenye nyavu, nimwambie Baba Nesta mbele ya watu wote aliowachekesha. Nikitetemeka, nitatetemeka huku nasema.

Lala salama, Mjomba. Zile namba nimezirudisha mahali pake, safari hii kwa wino. Mapigo manne. Ulihesabu sawa.

Mpwa wako,
Eliza