Kitenzi cha Saa Tisa Alasiri

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usinijibu "haujambo" kama ulivyozoea. Nataka kujua kama unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi mzima, ila baridi imenikausha midomo mpaka nikicheka inachanika, na unanijua, kukaa bila kucheka siwezi.

Kazi si mbaya. Bibi ninayemtunza ana miaka themanini na minne, mwili mwepesi, ulimi mkali. Tunakaa ghorofa ya tatu, nyumba haina lifti. Binti yake ni mfamasia. Huja kila jioni akishafunga duka, na kabla hajavua koti anafungua daftari lililo juu ya meza ya jikoni. Kila kitu lazima nikiandike humo kwa Kiitaliano: Bibi amekula nini, amemeza dawa ipi, nani kaingia, nani katoka.

Kitenzi cha kwenda ndicho kilichonitoa jasho. Jina lake andare, basi ungetegemea "ninakwenda" ianzie hapo hapo. Thubutu! Mimi ni vado, wewe vai, yeye va. Ukifika kwa sisi, ghafla andiamo, ninyi andate, wao wanarudi kulekule, vanno. Miezi miwili nilimpa kila mtu vado. Niliandika "Bibi vado chooni," "Daktari vado," hata "Paka vado." Ni kama kusema "Paka ninakwenda." Mfamasia alikuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu huku anacheka. Sasa nimekishika. Wiki hii sijaona wino mwekundu hata kidogo.

Mwanao,
Chiriku

20 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Ngazi napanda kwa kushika ukuta, umeridhika? Mengine yote salama. Dada yako anakusalimu, na anauliza lini utaacha kutuma picha za theluji kama vile sisi tumeiagiza.

Kitenzi chako nimekiandika nyuma ya kalenda. Vado, vai, va. Nakisema nikichemsha chai, dada yako anachungulia kuona naongea na nani. Lakini usiwacheke sana hao watu. Sisi tukimwita mtu hatumwambii "ja," tunamwambia "njoo," na sijasikia hata mmoja wetu akimwomba mgeni radhi kwa hilo.

Daftari hilo ulitilie maanani. Miaka thelathini na moja nimekuwa karani wa mahakama, nimeandika maelezo ya watu wa kila aina. Nimeona mtu akisomewa maneno yake mwenyewe akayashangaa kama ya jirani. Andika kilichotokea, saa kilipotokea, basi.

Baba yako

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijambo kwa mwili. Hayo mengine acha niyamalize haraka.

Jumanne Bibi alianguka kwenye ngazi za nje, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Amevunjika nyonga. Wamempasua jana, hali yake bado ya kubahatisha. Simwoni, binti yake amekataza nisikanyage wodini.

Kwenye daftari, siku hiyo, kuna mstari wangu: "Saa tisa. Vado giù." Ninashuka chini. Mfamasia ameusoma mbele ya yule bwana wa wakala aliyeniweka kazini. Akasema, "Umeandika kwa mkono wako. Ulimwacha mama yangu peke yake." Na kanuni ya kwanza ya kazi hii ni hiyo: Bibi haachwi peke yake hata kwa dakika moja bila kumwita jirani.

Baba, ni kitenzi. Nilitaka kuandika va giù, yeye anashuka. Nilikuwa jikoni napiga pasi, nikasikia kishindo, nikakimbia. Gari la wagonjwa lilipoondoka nikaandika harakaharaka.

Kuna kikao ofisini kwa wakala tarehe mbili Aprili. Wakiona nilimwacha, kazi imekwisha, na kibali changu cha kukaa kimefungwa kwenye kazi hii. Umeandika maelezo ya watu maisha yako yote. Niambie nisemeje.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama. Hapa wazima.

Sikiliza. Omba wakuonyeshe daftari lote, si ukurasa mmoja. Hesabu kila mahali ulipoandika vado ukimaanisha mtu mwingine, nakili tarehe. Wino mwekundu ni wa nani? Wa mfamasia mwenyewe. Yeye ndiye shahidi wako. Atakanaje kwamba ulikuwa ukikosea, na yeye ndiye aliyekuwa akisahihisha?

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia maelezo, sentensi sita tu. Yanakili kwa lugha yao, usiongeze neno. Watu wengi huangushwa na sentensi ya saba.

Jambo jingine. Barua uliyonitumia Februari, ile ya kusema umekishika kitenzi, usimtajie mtu yeyote. Mimi nimeiweka.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Nimefanya ulivyosema.

Nimehesabu makosa kumi na manne. Paka yumo, daktari yumo. Bwana wa wakala ameyaona, uso umemchangamka, akaniambia, "Dada, hapa umepona. Kila mtu atakubali ni kosa la lugha." Hata yeye anataka iwe hivyo, itamwondolea maswali.

La mwisho kati ya hayo kumi na manne ni la tarehe thelathini Januari. Baada ya hapo hakuna. Mwezi mzima nimeandika sawasawa. Wao hawajaangalia tarehe, lakini wewe ulishaangalia, ndiyo maana ukaniambia nisiitaje ile barua.

Nilishuka, Baba. Bibi alikuwa amesinzia kitini. Nilisikia visanduku vya barua vikifunguliwa chini, nikachungulia dirishani, nikaona bahasha yako ya kaki mkononi mwa tarishi. Nikaandika vado giù, kwa sababu nimezoea kuandika kila kitu, nikashuka mbio. Dakika mbili zingetosha. Lakini niliifungua pale pale mlangoni. Nikasoma ya theluji, nikasoma ya chai, nikacheka peke yangu. Nikaanza tena mwanzo. Kisha nikamsikia Bibi akiniita kutoka juu, na nikajibu "Nakuja!" kwa Kiswahili. Akatoka kuifuata sauti yangu.

Sikukuambia kwa sababu barua ilikuwa yako. Nilijua hatia utaibeba wewe.

Kikao ni baada ya siku tano. Jibu lako halitanikuta. Maelezo yako ninayo mfukoni, nimeyatafsiri, hayana kosa hata moja.

Mwanao

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Imekwisha.

Tulikuwa watatu, meza ndogo, dirisha limefunguliwa japo kuna baridi. Bwana wa wakala alianza kwa kunisaidia. Akayasoma makosa yote kumi na manne, la paka akalisoma mara mbili ili tucheke. Mfamasia hakucheka, ila alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nilimwona amechoka, macho mekundu. Akanigeukia, akauliza taratibu, kama mwalimu anayekupa jibu: "Saa tisa, chi va giù? Nani anashuka? Mama, au sivyo?"

Neno moja tu lilihitajika. Mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika karatasi yako.

Nikasema, "Io. Vado io." Mimi. Nashuka mimi.

Bwana wa wakala akasema labda sijaelewa swali. Nikamwambia nimelielewa. Nikaeleza yote: bahasha, mlango, kicheko, namna nilivyoitika. Nilikosea mahali pengi kwa haraka na hakuna aliyenisahihisha.

Mfamasia alilifunga daftari. Kisha akasema, "Mama ameshaniambia. Toka alipozinduka anasema ulikuwa chini, alisikia sauti yako chini. Nilimwambia dawa zimemchanganya. Nilimwambia ni kitenzi." Akafunika uso kwa mikono. "Akalia kwa sababu sikumwamini."

Hakunisamehe. Akachukua daftari, akatoka bila kuniaga. Kazi sina, chumba niondoke Jumamosi. Wakala amenipa mwezi mmoja kutafuta mwajiri mwingine. Baada ya hapo, kibali ndiyo basi. Leo asubuhi nilienda wodini. Nesi akauliza ndani, akarudi akasema Bibi anaketi na anakula, lakini kuniona bado.

Nitaandika nikipata anwani.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimenifikia, ya kwanza wiki iliyopita na ya pili jana. Natuma hii kwa wakala, nikitumaini watakupa.

Ulisema hatia nitaibeba mimi. Naibeba, lakini si ile ya kucheka mlangoni. Mtu kusoma barua ya baba yake akacheka si kosa la baba. Ninayoibeba ni ile ya nyuma ya karatasi. Nilipoandika maelezo yale nilikuwa nimeshatazama tarehe ya barua yako na nimeshajua kwamba ulishuka. Barua yako ya Februari niliitia chini ya godoro nisije nikaiona, nikakaa mezani, nikamwandikia mtoto wangu uongo wa sentensi sita kwa mwandiko wangu mzuri. Miaka thelathini na moja niliandika maneno ya watu bila kuyapinda, hata ya wale niliowaonea huruma. Ya kwanza kuyapinda yakawa yako. Nisamehe.

Ukitaka kurudi, chumba chako kipo. Dada yako ameshaanza kuhamisha mizigo yake humo na kunung'unika. Ukitaka kubaki, baki, tafuta mwajiri, na huyo mwajiri mwambie yote kabla hajayasikia kwa mwingine.

Na siku Bibi atakapokubali kukuona, ukishamaliza kuomba radhi yako, mwambie baba yako naye anaomba ya kwake. Kwamba alitaka watu wasimwamini yeye Bibi. Sijui hilo linasemwaje kwa lugha yao. Wewe utajua.

Baba yako