Mama Aliyetazama Miguu ya Watu

Shikamoo Mama, huko uliko.

Jana baraza la chuo lilikaa hapa Geita na kunipa kiti chako, kiti cha mkuu wa chuo. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikarudi nyumbani nikikuwaza wewe, na mpaka sasa bado nakustaajabia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupeleka kwa bibi kule Shinyanga baada ya mavuno, tukatazame Bagika na Bagalu wakishindana ngoma? Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Sisi watoto tulikodolea macho wachezaji, wewe ukawapa mgongo.

"Tazameni wale wa nyuma," ukatuambia. "Wakianza kugeuza miguu, ngoma imeshakufa, mchezaji hajui tu."

Mama gani huyu anaenda ngomani kutazama miguu ya watu! Kumbe ndivyo ulivyoendesha chuo. Wenzako walitazama orodha za waliojiandikisha, wewe ukakaa kantini ukiwasikiliza vijana wakiulizana habari za dhahabu. Ukaja kikaoni ukasema rashi ikitokea jirani, watu wakakimbilia dhahabu mpya, madarasa yatabaki na viti tu. Ukataka masomo yapangwe upya, ili anayeondoka aweze kurudi na kuendelea alipoishia, na walimu wawe tayari kufundisha machimboni. Mhasibu akacheka waziwazi.

"Mkuu, chuo kihamie kwenye maduara ya wachimbaji?"

"Kiwafuate wenyewe," ukamjibu.

Rashi ikalipuka upande wa Rwamgasa. Ukumbi wetu ukawa mweupe, na bila wanafunzi chuo kingefungwa muhula uleule. Sisi walimu wako sote tulipagawa. Wewe ulikuwa unatafuta gambuti zako. Jioni tukafundisha chini ya turubai, wanafunzi wana vumbi hadi kwenye kope, makarasha ya kusaga mawe yananguruma pembeni, nawe unapaza sauti kuyashinda.

"Mayu, kumbe mmetufuata?" akauliza mmoja wao, akikuita mama kwa Kisukuma, haamini macho yake.

"Tumewafuata. Sasa na nyie ufuateni mtihani."

Waliporudi chuoni walikuja na wachimbaji wenzao, wakiulizia nafasi. Mhasibu hakucheka tena.

Kisha ukaanza kukosa vikao. "Amueni wenyewe, nitasikia," ulikuwa ukisema, na sisi tukanong'ona kwamba umechoka. Hatukujua daktari wa Mwanza alikwambia nini.

Wiki tuliyokuzika, Mama, mitihani ilifanyika. Mishahara ikatoka. Hakuna mwanafunzi aliyehama, wala mwalimu aliyezunguka akiuliza sasa nani ataamua. Hapo ndipo nilipoelewa ulikuwa unatufundisha nini ulipokuwa hutokei. Ulikuwa umeona janga la kuondoka kwako likija, ukalipangia kama ulivyopangia rashi, huku ukiumwa na huku ukitabasamu. Mtu anapata wapi moyo wa namna hiyo? Nikikufikiria hivyo nasisimka mwili mzima.

Chuo ulikiacha tayari kuishi bila wewe. Mimi hukuniandaa, au ulijaribu nikashindwa.

Pumzika, Mama yangu.

Binti yako wa kwanza