Wageni wa Musanda

Jumatatu, 4 Februari 1980

Sufuri! Dakta Andati amebandika chati yake ukutani na Musanda imepewa sufuri. Surua: hakuna. Eneo zima la miwa, kiangazi hiki, vumbi hili, nyumba zimebanana, na hakuna hata mtoto mmoja mwenye surua. Nilimwambia hiyo si takwimu, ni usingizi wa karani. Akacheka kwa pua. Kwake sufuri hiyo ni tamu kuliko sukari yenyewe. Utafiti wake wote unataka kuonyesha kwamba miwa imeleta pesa, pesa imeleta maziwa na mabati, na magonjwa yamekimbia. Alhamisi ya wiki ijayo wakubwa wanatoka Nairobi kuja kumsikiliza.

Atapigiwa makofi yeye. Lakini mimi ndiye mtakwimu wa mradi, na saini itakayokaa chini ya jedwali ni yangu.

Wala si suala la chati tu. Chanjo inaletwa Jumanne ya wiki ijayo, ya kutosha sehemu moja, na itapelekwa penye namba kubwa. Kwa sasa ni Chekalini. Huko kwenye mashamba ya zamani ya wazungu watu waliulizwa wakajibu waziwazi: surua ipo, watoto hawa hapa. Basi Musanda wakae hivyohivyo. Na dada yangu Edah ameolewa Musanda! Ana Awinja wa miaka minne, na Joash, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika ukuta.

Chrispinus, karani wetu wa huko, anaapa kwa mama yake mzazi kwamba aliingia kila nyumba aliyopangiwa. Sipendi watu wanaoapa.

Jumatano, 6 Februari

Nimemchukua dereva wetu Shikanga, tukaenda Musanda. Trekta za miwa mbele, trekta za miwa nyuma. Nikipenga kamasi hata sasa ni majivu matupu ya miwa iliyochomwa.

Mama mkwe wa Edah alinizuia uani. Kaa hapa nje mama, tuko na mgeni ndani. Nikauliza ni mgeni gani huyo ambaye mimi siwezi kumsalimia. Akanitazama kama niliyemtukana. Nikaletewa kiti na chai kando ya jiko. Dirishani wametundika blanketi. Ndani mtoto anakohoa.

Edah alipoenda kisimani nikamfuata. Akanong'ona: "Ni Awinja. Lakini ile ugonjwa, jina yake hatuitangi. Ukiita inakasirika, inakaa. Sisi tunasemanga tu mgeni amefika. Unamtunza vizuri, anaenda zake."

Mgeni! Nilibaki nimeshika ndoo tupu. Kuna kanuni kwenye fomu yetu, Andati aliitoa kwenye kitabu chake cha Uingereza na hataki iguswe: andika wakaaji wa nyumba tu, mgeni asihesabiwe.

Kwa hiyo Awinja ni mgeni. Ametolewa kwenye hesabu akiwa amelala kitandani kwao. Na wangapi wengine?

Nikauliza, na Joash? Bado, alisema Edah. Wamempeleka alale kwa shangazi yake, yeye anaenda huko kumnyonyesha na kurudi. Nimemwombea Joash njia nzima, mimi ambaye hata kanisani huwa nahesabu mabenchi.

Alhamisi, 7 Februari

Nimemfokea Chrispinus mpaka wapiga taipu wa chumba cha pili wakaacha kupiga. Uliulizaje? "Madam, nilikuwa nauriza nani anakaa hapa. Wanasema ni sisi na mgeni mmoja. Ingine wageni wawiri. Mgeni mimi nakata." Na hukushangaa kila boma lina mgeni? "Nilijua ni hii pesa ya miwa. Mtu akilipwa tu, watu ya ukoo wanakuja kukula ingokho, kuku yake yote."

Nilitaka kucheka, nikataka kumzaba kofi. Kijana amefuata kanuni neno kwa neno. Ndiyo balaa lenyewe.

Andati alinisikiliza akiwa amesimama, yaani ondoka. Hadithi ya dada yako si takwimu, alisema. Hiyo ni nyumba moja. Na kinachoniudhi zaidi — ni kweli! Ningekuwa mimi ningejibu vilevile, tena kwa madaha. Nikamwomba nirudi nikaulize upya, kwenye nyumba zitakazotoka kwa kura, si za kuchagua. Akasema nenda, ila Jumatatu asubuhi awe na majibu mezani.

Jumamosi, 9 Februari

Miguu imevimba. Kura ilianguka ilikoanguka, na nyumba ya Edah haimo. Sawa. Sikuichomeka.

Mna mgeni? Swali la kijinga kama nini! Nyumba ya kwanza mgeni alikuwepo kweli, mjomba kutoka Lurambi na baiskeli yake, anamega ugali, obusuma ya moto. Nikamuuliza kama ana vipele. Shikanga alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye hakucheka. Habari zilitutangulia kwamba kuna mwanamke wa serikali anafukuza wageni. Milango ikafungwa. Penginepo nilisikia kabisa watoto wakikimbizwa kujificha kwenye miwa — watoto wagonjwa, jua la saa sita! Nikaona nitaua watu kwa kalamu. Nikaificha. Nikasema mimi ni dada ya Edah, nimekuja kumsalimia mgeni wenu. Ndipo wakaanza kufungua.

Vyumba vya giza, kimoja baada ya kingine. Macho mekundu yasiyotaka mwanga. Midomo iliyobabuka. Kichanga kinachohema kama kimekimbia mbio. Nusu ya nyumba zilizonifungulia. Nusu!

Jumatatu, 11 Februari

Amekataa.

Swali limebadilika, anasema, kwa hiyo Musanda hailinganishwi tena na Chekalini. Waliofunga milango nimewaweka wapi? Waliofungua nimewalisha jibu. Na kujitambulisha kama dada ya Edah — hapo nimejichimbia kaburi. Kisha ile sauti yake ya upole, ile inayonichemsha damu: watu watasema mtakwimu amepika namba ili chanjo iende kwa dada yake. Ananihurumia eti.

Nikamwambia watoto wanakufa, Dakta. Akauliza: wangapi?

Hilo ni swali langu! Ndilo ninalowafundisha makarani siku zote, usiniambie wengi, niambie wangapi. Kinywani mwake leo lilikuwa tusi. Nilitoka bila kuaga. Nimevunja kishikio cha kikombe, na hakikuwa hata changu.

Jumanne, 12 Februari

Chanjo imefika. Imejaza friji ya maabara, sanduku zote zimeandikwa Chekalini.

Edah amemtuma mtu. Boma la pili kutoka kwake, mgeni ameondoka na mtoto. Ndivyo wanavyosema huko. Mgeni ameondoka na mtoto. Joash hajapata homa bado. Sijala chochote.

Jumatano, 13 Februari

Naandika nikiwa ndani ya Landrova, uani kwa Edah.

Asubuhi nilimkuta Andati ofisini kwangu. Ameweka thamosi juu ya meza, ndani yake barafu na kichupa kimoja cha chanjo. Kando yake jedwali. Musanda, sufuri. Mpelekee mpwa wako, alisema, mimi si mnyama. Halafu akanipa kalamu yake, ile ya wino wa kijani.

Nimesaini. Liandike hivyohivyo Mideva, usijifiche: umesaini. Sikumtukana. Nilimwambia asante! Mdomo huu huu!

Njiani tulimpitia nesi wa zahanati. Alikigeuzageuza kichupa, akauliza watoto kumi wako wapi. Kumi gani? "Hii ni ya watoto kumi, madam. Nikishachanganya lazima iishe leo, hairudi kwa barafu." Sijui kama Andati alilijua hilo. Sijui lipi ni baya zaidi, kwamba alijua au kwamba hakujua. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Tisa zaidi! Nikamdharau Andati tena na nikajidharau mwenyewe, maana tayari nilikuwa nagawa.

Sasa nesi anachemsha sindano jikoni. Mama mkwe amenuna mlangoni lakini hajatufukuza. Awinja yuko hai, amekunywa uji. Joash ameletwa kutoka kwa shangazi yake, mzima, anapiga kelele.

Na Landrova haifichiki. Wanakuja. Kila kijia kinachotoka kwenye miwa kinatoa mwanamke na mtoto, mgongoni, kifuani, wengine wameshikwa mkono. Hakuna anayesema mgeni tena. Wanaliita jina lenyewe, sulua, sulua, kwa sauti, mama mkwe anaziba masikio. Kumi walishapita kitambo. Shikanga anajaribu kuwapanga mstari, wanampita kama hayupo. Edah amejipenyeza mpaka mbele kabisa na Joash wake, akanikonyeza, kama vile tuko harusini na mimi ndiye mgawa nyama. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia asogee mbele zaidi, asije akasukumwa.

Nesi ametoka na sinia. Anauliza aanze na nani. Ananiuliza mimi! Wote wamenigeukia.

Mwanamke mmoja amekuja kuegemea dirisha langu. Ana mtoto wa miezi michache tu zaidi ya Joash, amemfunga kwa leso. Ameiona kalamu. Anasema kwa heshima zote: "Madam, naona unaandika. Na huyu wangu, umemwandika?"